Shangazi, wikendi yangu ni tamu lakini Jumatatu siamki

BARUA

Assalamu alaykum, Shangazi.

Nina miaka 34, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka saba, tunaishi Kireka, karibu na Kampala, Uganda. Kwetu ni Bombo, mimi ni Mnubi. Kazi yangu ni kuweka hesabu katika duka la jumla mjini, Jumatatu hadi Ijumaa. Sina malalamiko ya ndoa wala ya mshahara. Naandika kwa sababu ya wikendi zangu, na najua kuna mtu atacheka: kila kilichomo nakipenda, na zinanimaliza.

Acha nikueleze moja, ile ya mwanzo wa mwezi uliopita, maana nyingine zinafanana nayo.

Ijumaa nilifika nyumbani saa moja na nusu jioni kwa sababu ya foleni ya barabara ya Jinja. Nikala kidogo, nikaanza kumenya vitunguu, kilo tatu, nikavikata kabisa na kuvitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Nikatwanga tangawizi na kitunguu saumu. Nikasafisha mnyororo wa baiskeli. Nikalala saa sita.

Jumamosi niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikanywa chai ya rangi, na saa kumi na mbili na nusu nikatoka na wenzangu wa baiskeli. Tuko tisa, wanawake watatu. Tunapita Namugongo, tunatokea Gayaza, tunazunguka njia za vumbi za huko na kurudi, kilomita 45 hivi. Huko ndiko akili yangu inakotulia. Saa nne nilikuwa nyumbani, nikaoga, nikala ndizi mbili, na saa tano mimi na mtoto tuko kwenye taksi ya Bombo. Tulifika saa saba.

Bombo kulikuwa na akika. Pilau ni yangu. Sikumbuki ilianza lini, ila siku hizi ikitajwa shughuli yoyote ya ukoo watu wanauliza kwanza kama nitakuja. Siku hiyo walikuwa watu 60: sufuria moja kubwa, kilo nane za mchele. Tulipakua saa kumi na moja jioni. Kisha zikaanza ngoma za doluka, na Shangazi, mimi doluka ikilia siwezi kukaa kitini. Tuliondoka saa tatu usiku, tukafika saa nne na nusu, nikalala saa sita.

Saa kumi usiku niko macho. Mara moja kwa mwezi mimi na marafiki wawili tunakwenda kutazama ndege, na mwezi huo ilikuwa zamu ya Mabamba, kumtafuta bulwe, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Nilitoka saa kumi na nusu, tukavuka Nakiwogo, tukapanda boda kutoka Buwaya, na saa moja asubuhi tuko kwenye mtumbwi. Tulimwona! Amesimama kwenye mafunjo kama mzee anayesubiri pensheni. Tukaondoka saa tano, nikafika nyumbani saa nane mchana. Saa tisa nikatoka tena kwenda mjini, kikao cha harusi ya binamu wa mume wangu. Kiliitwa saa kumi, kikaanza saa kumi na mbili, kikaisha saa tatu usiku. Nyumbani saa nne. Nikapiga pasi sare ya mtoto na nguo zangu, nikalala saa sita.

Jumatatu nikaingia kazini na kuandika risiti ya shilingi 4,500,000 kama 450,000. Bosi aliona kabla haijafika mbali. Hakunigombeza, alinitazama tu, na afadhali angenigombeza. Jumatatu nzima kichwa kinauma na miguu mizito. Jumanne naanza kuwa mtu. Alhamisi nishaanza kupanga wikendi nyingine.

Sasa mambo matatu yamenikuta pamoja. Wenzangu wa baiskeli wanajiandaa kwenda Jinja, kilomita 80, baada ya wiki kumi. Kikao cha harusi kimenichagua mwenyekiti wa kamati ya chakula, na kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, na nikaha zote zimo ndani ya wiki hizo hizo. Na mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, usiku ule wa Jumapili alisema, "Umeifanya nyumba hii gesti." Akageuka, akalala.

Nimeelewa kwamba anataka niache. Mama anasema niache baiskeli, "mwanamke mzima na kofia ya plastiki!" Rafiki yangu wa ndege anasema niache pilau, hao ni watu wazima watajipikia. Kila mmoja anataka niache cha mwenzake. Nilijaribu Jumapili moja kubaki nyumbani kutwa, nikalala mchana, na Jumatatu nikaamka nimechoka kuliko kawaida, tena na huzuni juu. Hata tabaga, ile kazi yetu ya kusuka kwa rafia, nililoanza kushona tangu Ramadhani liko juu ya kabati. Nilikusudia liwe la mama.

Nianze kukata wapi? Au hii ni tabia mbaya iliyojificha ndani ya mambo mazuri?

Mwenye Jumatatu Nzito, Kireka

JIBU

Wa alaykumu salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma kalamu ikiwa mkononi, kama wewe unavyosoma vitabu vya duka, maana umeniandikia saa zote. Tuanze na hesabu, mume na mama watakuja baadaye.

Unauliza ukate wapi. Katika swali hilo umekwisha kuamua kwamba vitu ni vingi mno, na huenda ni kweli. Lakini tazama. Baiskeli ilikuchukua saa tatu na nusu. Jikoni Bombo saa nne. Kula na doluka saa nne. Mabamba saa nne. Kikao chenyewe saa tatu. Huo ni upande mmoja wa daftari. Upande wa pili: Bombo kwenda na kurudi saa tatu na nusu, Mabamba saa tano na nusu, kikao cha mjini saa mbili. Jumla ni saa 11 ulizokaa kwenye taksi, boda na kivuko. Ongeza saa 2 za kusubiri kikao kianze. Halafu usingizi: usiku wa kuamkia Jumamosi saa 5, wa kuamkia Jumapili saa 4. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Wewe ulipata 9 kwa siku mbili, kisha ukakaa mbele ya tarakimu za watu.

Kwa hiyo sina hakika kwamba kinachokumaliza kimo katika vile ambavyo kila mtu anakwambia uache. Sehemu kubwa imo katikati yake: barabara, kusubiri, na maandalizi ya usiku wa manane.

Kuna na tumbo. Tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na moja jioni uliingiza chai ya rangi na ndizi mbili, na katika muda huo umeendesha kilomita 45 na kusimama saa nne mbele ya moto. Kuonja mchuzi si kula. Ukishuka kwenye baiskeli, kabla saa moja haijapita, kula chakula kamili: rolex (chapati iliyoviringishwa) ya mayai mawili, au katogo ya matoke na maharage, kitu chenye wanga na protini. Njiani kunywa maji nusu lita kwa kila saa, na jua likiwa kali tia chumvi kidogo sana na sukari. Kichwa chako cha Jumatatu huenda kilianza Jumamosi saa nne asubuhi, kikaongezewa moshi wa kuni mchana. Hili la kula halihitaji kikao cha ukoo wala ruhusa ya mtu, basi lijaribu kwanza.

Hujasema kikaoni mlikunywa nini. Kama ilikuwa kahawa, kumbuka kwamba nyingi inayolimwa kwetu Uganda ni robusta, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Kikombe cha saa moja usiku kinakuwa kitandani nawe saa sita.

Sasa ile Jumapili ya kubaki nyumbani, ambayo umeichukua kama ushahidi kwamba kupumzika hakukufai. Ulilala mchana kwa muda gani? Nusu saa husaidia. Saa tatu huiba usingizi wa usiku, kisha Jumatatu unaamka mzito. Na deni la majuma mengi halilipwi kwa siku moja. Huzuni ni jambo jingine, na hilo sitaki kulipita haraka. Je, ulihuzunika kwa sababu nyumba ilikuwa kimya, au kwa sababu ulijua wenzako wako wapi saa hiyo? Ni majibu tofauti. La kwanza linahusu nyumba. La pili linasema hukupumzika, ulibaki tu, na roho yako iliamkia Gayaza.

Jambo moja la afya kabla sijasahau. Ukilala vizuri wiki mbili, ukala, na bado kupanda kilima kunakukata pumzi, moyo unakwenda mbio, au weupe wa ndani ya kope umezidi, nenda ukapimwe damu. Upungufu wa damu huwapata wanawake wengi wa umri wako na hujifanya uchovu wa kawaida. Chai pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unachukua, kwa hiyo itenge na mlo kwa saa moja. Pima malaria pia, usimeze dawa kwa kukisia. Na kama siku zako zimechelewa, unajua kipimo cha kwanza ni kipi.

Tuje kwenye pilau, maana hapo ndipo naona pana mengi.

Umesema "pilau ni yangu". Nimelirudia neno hilo mara tatu. Ni heshima, na ni minyororo vilevile. Huko Bombo ulikuwa mgeni kwa saa ngapi kabla ya ngoma? Hata moja hukuipata. Sikushauri uache, kwa sababu mwanamke akiachia mwiko ghafla, ukoo husoma ujumbe ambao hakuuandika: amekuwa wa mjini, ametuona wachafu. Lakini kati ya kupika kila mara na kuacha kabisa kuna nafasi.

Kwanza, ile kazi ya Ijumaa usiku sehemu yake ni bure. Kitunguu kilichokatwa jana kimekwisha kutoa maji, na chenye maji huchemka kwanza kabla ya kukaangika, kwa hiyo unakaa motoni muda mrefu zaidi kupata ile rangi. Vitunguu vikatwe Bombo, asubuhi, na mikono ya Bombo. Vijana hawakosekani kwenye akika. Nyama nayo ichemshwe kabla hujafika, ili ukute supu iko tayari.

Pili, sufuria moja kwa kilo nane ni tatizo ambalo wapishi wengi hawalioni. Mchele ukiwa na kina kirefu, wa chini unasagika na kushika, wa juu una kiini kigumu. Ndipo mpishi anaanza kugeuza, na kugeuza kunavunja punje. Hapo hakuna mwingine anayeweza kuiokoa, kwa hiyo unakuwa huondoki. Tumia sufuria mbili za kilo nne nne. Kila moja ipate nyama kilo nne, vitunguu kilo moja na nusu, mafuta robo tatu ya lita, bizari nzima vijiko vinne vya chakula, na mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga kwa mkono wako. Mchele uliolowekwa nusu saa unataka supu kipimo kimoja na nusu kwa kipimo kimoja cha mchele. Usiolowekwa unakaribia viwili. Maji yakikauka juu, funika, punguza moto wa chini, weka makaa juu ya mfuniko, na usifunue kwa dakika ishirini. Watu wengi wanaharibu hapo, wanachungulia.

Haya unayajua kuliko mimi, najua. Ninayaandika kwa sababu nadhani hujawahi kuyaandika wewe. Yako mkononi, na kilicho mkononi hakirithiwi mpaka kipimwe. Chukua bakuli lile lile la hapo kwa mama, pima kila kitu kwa hilo, mwandikie binti mmoja wa ukoo anayependa jiko. Shughuli ya kwanza asimamie vitunguu tu: moto wa wastani, dakika 25 hadi 30, na aviondoe vikiwa bado hatua moja kabla ya rangi ya kahawa, kwa sababu vinaendelea kuiva ndani ya mafuta moto. Vikiungua pilau nzima inakuwa chungu na hakuna kiungo cha kuifunika. Ya pili apike sufuria moja, wewe nyingine. Ya tatu keti ukutani na wanawake wenzako.

Hatari yake ni wazi. Siku moja pilau itatoka mbichi, na watasema "angekuwepo fulani". Utaweza kulisikia hilo ukiwa umekaa, bila kuinuka? Na hatari ya pili hatupendi kuisema: huenda binti akapika vizuri. Siku hiyo wataacha kuuliza kama utakuja. Jiulize kama ungekwenda hata hivyo. Nadhani ungekwenda kwa doluka, lakini ni wewe unayejua.

Baiskeli sasa. Mama ana wasiwasi wa kofia. Mimi wasiwasi wangu ni kalenda. Kutoka 45 hadi 80 kwa wiki kumi kunawezekana: ongeza kilomita tano kila wiki, na kila wiki ya nne shusha, mwili upate kujijenga. Lakini piga hesabu kwa mwendo wako. Kilomita 45 zinakuchukua saa tatu na nusu, basi 70 ni zaidi ya saa tano. Ukitoka saa kumi na mbili na nusu utarudi karibu saa sita mchana. Jumamosi za namna hiyo haziingii katika siku moja na pilau ya Bombo, hata ukimbie vipi. Nazo zinaangukia wiki zile za mwisho za harusi. Barabara ya Jinja yenyewe ina malori mazito, hasa kuelekea Mabira, na aliyelala kwa saa nne tu haifai kuwa pembeni yake. Kama utakwenda, usingizi wa usiku huo ni sehemu ya vifaa, kama pampu.

Unaweza kuwaachia wenzako Jinja ya safari hii, ukabaki na 45 zako Jumamosi mbili za mwezi. Utapoteza nini? Pumzi hupungua baada ya wiki mbili tatu za kukaa, si kwa kuruka Jumamosi moja. Kinachopotea haraka zaidi ni mazungumzo: wao watakuwa na habari za Mabira, wewe huna. Au unaweza kuiweka Jinja juu kabisa na kushusha vingine kwa wiki hizo kumi tu, kwa tarehe iliyotajwa, watu wote wakijua inaisha lini. Watu huvumilia kukosekana kwenye mwisho unaojulikana.

Na kuna njia moja ambayo sijui kama mmeifikiria. Kutoka Gayaza kuna njia za vumbi zinazotokea upande wa barabara ya Bombo. Siku ya shughuli, badala ya kuzunguka na kurudi Kireka, malizia mazoezi nyumbani kwenu. Saa mbili za taksi zinafutika, unafika mapema, unaoga kwa mama. Baiskeli inarudi juu ya gari. Kabla ya siku hiyo ipimeni njia, na msiingie barabara kuu ya Bombo mapema kuliko inavyolazimu, kwa sababu ya malori. Mwombe mtu aje na mtoto, na mtu huyo, kwa bahati nzuri, yumo katika barua yako.

Mnyororo usafishe Alhamisi. Vumbi jekundu likichanganyika na mafuta linakuwa msasa, kwa hiyo futa kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha tone moja kwa kila kiungo, zungusha, futa tena yaliyobaki nje. Ni dakika kumi na tano. Ijumaa usiku zinaonekana saa nzima.

Ndege sitakaa nao sana, maana ni mara moja kwa mwezi na hapo nako ulikuwa umetulia. Bulwe husimama muda mrefu bila kutikisika akingoja mamba, yule samaki, apande juu kuvuta hewa; wewe umemfuata kwa mbio usiku wa manane. Mwezi wenye shughuli ya Jumamosi, kwa nini isiwe Bustani ya Mimea ya Entebbe? Iko pale tangu 1898, haihitaji kivuko wala mtumbwi, kuna hondohondo, furukombe na kasuku wa kijivu, na mtoto wa miaka saba anaweza kukimbia. Bulwe hutamwona. Mabamba ikae mwezi ambao Jumamosi yake ni tupu.

Kikao cha harusi nimekiacha karibu na mume kwa makusudi. Ni harusi ya binamu yake. Barua yako haisemi kama naye alikuwepo. Labda alikuwa kazini, labda alikaa na mtoto, labda alikuwepo na hukuona haja ya kutaja. Lakini kama unakwenda kwa niaba ya nyumba nzima, basi zile saa saba, za njia, kusubiri na kikao pamoja, ni mchango wake ambao wewe unautoa. Huenda hajaujumlisha.

Kuhusu uenyekiti, kabla hujakubali au kukataa, waulize wanamaanisha nini. Kamati ya chakula ni kazi ya daftari na simu: bei ya mpishi, malipo ya kwanza, idadi ya wageni, nani anapokea. Lakini jina lako na pilau vimeshikana, na mtu kikaoni anaweza kuwa anafikiria mwiko. Kwanjula ya watu 300 ni kilo 40 za mchele, sufuria kumi za ukubwa niliokutajia. Hiyo si kazi ya mtu anayeingia kazini Jumatatu. Ukikubali, kamati yako ikae siku ya juma kwa simu. Ukikosa kikao kikuu, tuma mchango wako kwa simu kabla hakijaanza ili usomwe mbele ya watu, maana kwetu asiyeonekana na asiyesomwa ni mmoja. Ukikataa, ipo gharama: kesho kutakuwa na shughuli ya kwenu, na watu wana kumbukumbu ndefu ya viti vilivyokuwa vitupu. Unaijua familia ya mume wako, mimi siijui.

Na yeye mwenyewe? Umeandika kwamba umeelewa anataka uache. Nimeyatafuta maneno hayo kinywani mwake sikuyaona. Alisema nyumba imekuwa gesti. Gesti ni pale mtu anapoingia usiku, anapiga pasi, analala, anaondoka. Inawezekana hana neno na baiskeli. Inawezekana anaidai Jumapili jioni tu. Inawezekana pia ana neno na yote, na amelibana miaka. Muulize, lakini si Jumapili usiku nyote mkiwa hoi. Jumatano, baada ya kula, mtoto akiwa amelala. Usimuulize "nifanye nini?", kwa sababu swali hilo linamfanya hakimu. Muulize ni saa ipi ya wikendi anakukosa zaidi, kisha nyamaza, hata ukimya ukirefuka. Jibu linaweza kuwa dogo kuliko unavyoogopa, kama vile chai ya Jumapili. Linaweza pia kuwa kubwa, na hapo hamtamaliza usiku mmoja.

Umeuliza kama ni tabia mbaya iliyojificha. Sioni ubaya hapo. Naona mtu ambaye kila anapokwenda kuna kazi inamsubiri, isipokuwa kwenye tandiko la baiskeli na kwenye mtumbwi, na labda ndiyo sababu vitu hivyo viwili unavitetea kwa nguvu zaidi. Kama nimekosea, niandikie.

Kwa wiki nne zijazo, usikate chochote bado. Kila Jumatatu asubuhi andika mistari mitatu: ulilala kwa saa ngapi usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, Jumamosi ulikula nini kabla ya saa saba mchana, na kazi ya nani uliifanya. Wewe ni mtu wa hesabu, mistari hiyo utaisoma vizuri kuliko ushauri wa mama, rafiki au wangu.

Na lile tabaga ulilolitaja mwishoni kama kitu cha kupita. Rafia iliyokaa juu ya kabati tangu Ramadhani imekauka, ukiivuta hivyo itakatika. Ipitishe kwenye maji kwanza, ifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa nusu saa, ndipo utie sindano.

Shangazi